Kinugasa na filamu isiyo na maandishi

Teinosuke Kinugasa alizaliwa Kameyama, Japani, tarehe 1 Januari 1896. Aliingia katika sinema kama mwigizaji wa nafasi za kike, maana wakati ule wanaume ndio waliocheza wanawake mbele ya kamera. Wanawake wenyewe walipoanza kuigiza, kazi hiyo ikafa polepole, naye akageukia uongozaji.

Mwaka 1926 alitoa Kurutta Ippeji, yaani Ukurasa wa Wazimu, filamu inayosumbua akili hadi leo. Kisa chake kilitungwa pamoja na Yasunari Kawabata, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1968. Mzee mmoja, baharia wa zamani, anafanya usafi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ili awe karibu na mkewe aliyelazwa humo. Binti yao anakaribia kuolewa na anaogopa mchumba asije akajua hali ya mama. Usiku mzee anajaribu kumtorosha mkewe, lakini mke anaogopa giza la nje, anarudi chumbani. Kutoka hapo hatujui tena kipi kinatokea kweli na kipi kimo kichwani mwa mzee. Anawavika wagonjwa vinyago vyenye tabasamu, kisha anajivika mwenyewe.

Filamu haina sauti, tena haina hata kadi moja ya maandishi. Wengi huisifu kwa hilo: picha tupu, lugha isiyohitaji maneno. Kwetu wa isimu sifa hiyo ina haraka. Katika majumba ya sinema ya Japani alikuwapo benshi, msimulizi aliyesimama kando ya pazia, akieleza kisa na kuwasemea wahusika. Maneno yalikuwapo, ila hayakuandikwa. Mtazamaji wa 1926 aliambiwa nani ni mume wa nani. Sisi tunabahatisha, na kubahatisha huko tunakuita ufundi wa mwongozaji.

Baadaye filamu ikapotea. Kinugasa akaendelea na nyingine nyingi, mojawapo Jigokumon, iliyopata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1954. Mwaka 1971 akaikuta ile ya zamani katika ghala lake. Nakala ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Aliitia muziki na kuionyesha upya, lakini msimulizi hakumrudisha. Alifariki mwaka 1982.