Ernst May: Msanifu aliyejenga kwa ajili ya mwili na akili

Na Mwandishi Wetu, Same

MTUMISHI anayerejea kazini kutoka kwao Suji au Mbaga, kwenye baridi ya Milima ya Upare, hupokewa na joto la mji wa Same, ulioko tambarare upande usiopata mvua za kutosha. Kama ofisi yake ina paa la bati lisilo na dari na madirisha yanayotazama magharibi, alasiri humletea uchovu, hasira na usahaulifu, hata akaichukia kazi yenyewe.

Uhusiano huo kati ya jengo na hali ya mtu aliyemo ndani yake ulimshughulisha kwa miaka mingi msanifu majengo wa Kijerumani, Ernst May, ambaye aliacha alama yake Moshi, katika mkoa huo huo wa Kilimanjaro.

May alizaliwa Julai 27, 1886, mjini Frankfurt. Alipata sehemu ya mafunzo yake Uingereza, na mwaka 1925 alikabidhiwa usimamizi wa ujenzi wa mji wake wa kuzaliwa. Hadi mwaka 1930, zilijengwa nyumba zaidi ya 10,000 kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, nyingi zikiwa na bustani, jua na hewa safi. Aliamini kuwa mfanyakazi anayeishi gizani na katika hewa nzito hudhoofika mwili na moyo pia.

Mwaka 1930 alikwenda Urusi ya Kisovieti kupanga miji mipya ya viwanda. Alipoondoka huko, Wanazi walikuwa wamekwisha kushika madaraka Ujerumani, naye hakuweza kurudi. Mwaka 1934 alihamia Tanganyika na kuwa mkulima kaskazini mwa nchi, kisha akafungua ofisi ya usanifu Nairobi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani.

Afrika Mashariki ilimlazimisha kujifunza upya. Jua alilolitafuta kwa bidii Ulaya, huku lilihitaji kukingwa. Akageukia vibaraza, vivuli juu ya madirisha na nafasi za kupitisha upepo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kazi zake ni pamoja na jengo la Kenwood la Nairobi, Hoteli ya Oceanic ya Mombasa, na jengo la Chama Kikuu cha Ushirika cha wakulima wa kahawa (KNCU) mjini Moshi, lililowekwa ofisi, maduka na hosteli.

Hata hivyo, hakukosa doa. Mpango wake wa kupanua mji wa Kampala, alioutayarisha kati ya mwaka 1945 na 1947, ulifuata utaratibu wa kikoloni wa kuwatenga watu kwa rangi zao. Hewa safi aliyoihubiri haikugawanywa sawasawa.

Alirejea Ujerumani katikati ya miaka ya 1950, akaendelea na kazi ya kupanga makazi, na kufariki dunia mjini Hamburg Septemba 11, 1970.

Leo, Shirika la Afya Duniani (WHO) linayataja mazingira mabaya ya mahali pa kazi miongoni mwa mambo yanayohatarisha afya ya akili. Tanzania nayo ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayogusa pia hewa na mwanga kazini.

Kwa mji kama Same, ulio karibu na Ikweta, jua huchomoza na kuzama likipiga kuta za mashariki na magharibi. Jengo linalotazama kaskazini na kusini, lenye dari, baraza na mti wa kivuli, halihitaji utajiri mkubwa. Linahitaji uamuzi kabla ya msingi kuchimbwa. Baada ya hapo, gharama ya kosa hulipwa kila alasiri na mtumishi aliyeketi ndani, na mwananchi aliyepanga foleni dirishani kwake.