MAHALIA JACKSON: SAUTI ILIYOMSINDIKIZA RAFIKI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mpenzi msomaji, ukitaka kuijua maana ya methali hiyo, hebu nikusimulie maisha ya mama mmoja Mmarekani mweusi, Mahalia Jackson. Mama huyu alimwimbia rafiki yake akiwa hai, na alipokufa akamwimbia tena.

Mahalia alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1911 mjini New Orleans, karibu na mto Mississippi. Kwao walikuwa maskini hohehahe. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, akalelewa na dada ya mama yake, mtu mkali kama pilipili. Shule aliiacha mapema akaanza kufua nguo za watu apate riziki. Raha yake ilikuwa moja tu, kuimba kanisani.

Alipotimu miaka 16, umri kama wetu sisi wa Kidato cha Tatu, alihamia Chicago. Alitamani sana kuwa muuguzi, lakini wapi! Aliishia kufua na kufagia nyumba za wenyewe. Hata hivyo hakukata tamaa. Alijiunga na kwaya ya kanisa la Greater Salem, na huko Chicago akakutana na Thomas Dorsey, mpiga piano hodari.

Dorsey huyu alikuwa ameonja uchungu. Mwaka 1932 alikuwa safarini mjini St. Louis alipopata habari kwamba mkewe amefariki akijifungua. Muda si muda mtoto naye akafa. Kwa majonzi yale, Dorsey aliketi kwenye piano, akachukua sauti ya wimbo wa zamani wa kanisa, akaipanga upya na kuitilia maneno yake mwenyewe. Ndio wimbo uitwao Precious Lord, ombi la mtu aliyechoka anayetaka Mungu amshike mkono.

Dorsey na Mahalia walizunguka makanisani miaka mingi, huyu akiimba, yule akiuza karatasi za nyimbo. Wachungaji wengine walinung'unika kwamba anaimba kama mtu wa dansi. Kumbe Mahalia hakujua hata kusoma nota! Wimbo aliupanga kichwani na moyoni. Aliuendesha polepole, neno moja akilivuta, jingine akilikata, mpaka ule wimbo wa Dorsey ukawa kama wake.

Mwaka 1947 alirekodi sahani iliyouzwa zaidi ya milioni moja. Wenye vilabu vya usiku walimtaka aimbe kwao kwa pesa nzuri, akakataa katakata. Mwaka 1950 aliimba Carnegie Hall, New York. Msichana wa kufua nguo huyo!

Mwaka 1956 alijuana na Martin Luther King, ambaye miaka mitatu baadaye alijumuika na Tom Mboya wetu kwenye karamu mjini Atlanta. Wakati huo weusi wa Montgomery walikuwa wamegoma kupanda mabasi yaliyowabagua. Mahalia alikwenda kuwaimbia. Inasemekana kwamba King alipolemewa na mawazo usiku alimpigia simu amwimbie. Na tarehe 28 Agosti 1963 aliimba Washington mbele ya watu kama 250,000 kabla King hajahutubia.

Basi tarehe 4 Aprili 1968, mjini Memphis, King alikuwa amesimama nje ya chumba chake akimwomba mwanamuziki mmoja apige wimbo ule wa Dorsey mkutanoni jioni hiyo. Mara risasi ikalia. King hakuusikia. Siku tano baadaye, mazishini Atlanta, ni Mahalia aliyesimama akauimba. Ombi ambalo rafiki yake hakutimiziwa akiwa hai, yeye alilitimiza.

Mahalia alifariki tarehe 27 Januari 1972 akiwa na miaka 60. Kwenye mazishi yake Chicago, Aretha Franklin aliimba wimbo uo huo. Dorsey aliyeutunga aliishi mpaka mwaka 1993.

Wanakwaya wenzangu, hapa kwetu Thika na Ruiru hakuna matanga yasiyo na nyimbo. Lakini mara nyingi tunapanga sauti za kwanza, pili, tatu na nne ili watu watusifu tu. Mahalia anatufunza jambo jingine. Kabla hujaupanga wimbo wa marehemu, jiulize yeye aliupenda upi, na aliupenda uimbwe vipi. Machozi hukauka upesi. Wimbo ulioimbwa kwa ajili ya mtu, wenzake hukumbukana nao hata wakizeeka.

Nanyi mnaofua nguo za watu Jumamosi ili mpate karo, msione haya. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.