Maisha ya Johannes Rebmann, Aliyeona Theluji ya Kilimanjaro

Wengi wetu tuliozaliwa Busisi hatujapata kugusa theluji. Baridi tunayoijua ni ile ya alfajiri, wavuvi wanaporudi na mitumbwi yao. Ndiyo sababu katika mafunzo ya historia nimevutwa sana na habari za mtu aliyesema ameiona theluji karibu na ikweta, wataalamu wa Ulaya wakakataa kumsadiki. Mtu huyo ni Johannes Rebmann, na maisha yake yanatuhusu hata sisi watu wa ziwani.

Alizaliwa tarehe 16 Januari, 1820, katika Gerlingen, nchi ya Ujerumani. Alisoma katika chuo cha misheni huko Basel, Uswisi, kisha akatumwa Afrika na chama cha misheni cha Kiingereza, C.M.S. Mwaka 1846 alifika Mombasa, akamkuta Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf. Wawili hao wakaanzisha kituo chao Rabai.

Mwezi wa Aprili, 1848, Rebmann alishika njia ya Uchagga pamoja na wapagazi wachache na kiongozi wa misafara, Bwana Kheri, aliyezijua vizuri njia za bara. Tarehe 11 Mei, asubuhi, aliona kitu cheupe juu ya mlima. Kwanza alidhani ni wingu. Alipomwuliza kiongozi, alijibiwa kwamba ile ni baridi tu. Papo hapo Rebmann akatambua kuwa ni theluji.

Alipofika Uchagga tena, alisimuliwa ya kwamba zamani mtawala mmoja wa Machame alituma kundi la watu wapande wakakichunguze kitu hicho kilichong'aa kama fedha. Yasemekana alirudi mtu mmoja tu, naye mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Kwa hiyo sioni haki kusema Rebmann aliivumbua theluji ile. Wenyeji waliijua zamani, na wengine waliilipia kwa maisha yao. Yeye aliiona kwa macho yake, akaandika, akapeleka habari Ulaya.

Habari hizo zilipigwa chapa mwaka 1849, na ubishi ukaanza. Mtaalamu mmoja wa London, William Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika, alizipinga kwa nguvu, akadai kwamba macho ya Rebmann yalimdanganya. Hata mwezi wa Desemba mwaka huohuo, Krapf alipouona Mlima Kenya nao una theluji, Cooley hakukubali.

Mwaka 1849 Rebmann alitoka tena Rabai, safari hii akitaka kufika Unyamwezi. Lakini huko Machame mtawala Mamkinga alimwomba zawadi hata mali yake yote ikaisha, akalazimika kurudi. Nchi asiyoweza kuifikia kwa miguu akaiulizia kwa wafanya biashara wa misafara. Kwa habari hizo yeye na mwenzake Jakob Erhardt walichora ramani iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Ramani ilikosea, maana maziwa ni matatu, yaani Nyasa, Tanganyika na hili letu. Hata hivyo iliwaamsha watu wa London, wakawatuma Burton na Speke. Tarehe 3 Agosti, 1858, Speke aliliona ziwa letu karibu na Mwanza, ng'ambo ya Busisi.

Ubishi wa theluji nao ukafika mwisho wake. Mwaka 1861 na 1862 Karl Klaus von der Decken alikwenda Kilimanjaro pamoja na wenzake, wakapanda zaidi ya meta 4,000, theluji ikawaangukia. Kilele chenyewe, chenye meta 5,895, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikifikia mwaka 1889.

Rebmann hakuishi kuiona siku hiyo. Alikaa Rabai miaka mingi bila kurudi kwao, akikusanya maneno ya lugha za Kiafrika. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866. Kisha macho yaleyale yaliyoiona theluji yakapofuka. Mwaka 1875 alirejea Ujerumani akiongozwa na Isaac Nyondo wa Rabai, akafariki Korntal tarehe 4 Oktoba, 1876.

Wenzangu, kusoma vitabu ni jambo jema, lakini kitabu kisitufanye tumdharau aliyefika mahali tusipofika sisi. Bwana Cooley angaliweza kujifunza mengi kwa kiongozi wa msafara aliyejua kwamba mlima ule una baridi. Tena ushahidi huu una haraka. Wataalamu wamepima, wakaona kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 barafu ya Kibo ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Huenda wajukuu wetu wakasimuliwa kwamba palikuwa na theluji juu ya Kilimanjaro, nao wakabisha. Basi yeyote atakayejaliwa kuiona, na aiandike.