Tesla alitaka umeme bila waya, wa nguzo ndio unaopandisha maji Newala

Kila nguzo ya umeme unayoiona Masasi na Newala imebeba kazi ya mtu aliyetaka nguzo zisiwepo kabisa. Huyo ni Nikola Tesla.

Alizaliwa Julai 10, 1856, katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kipo Kroatia. Baba yake alikuwa padri wa Kiorthodoksi. Mwaka 1884 alihamia New York, akaajiriwa na kampuni ya Thomas Edison, lakini baada ya miezi michache tu akaondoka.

Mwaka 1888 alipata hataza za mota inayotumia umeme wa AC. George Westinghouse akanunua haki za kuzitumia. Uzuri wa AC ni kwamba unasafirishwa mbali kwa volti kubwa, kisha transfoma inazishusha kabla umeme haujaingia nyumbani.

Hakuridhika. Mwaka 1891 alionesha taa zikiwaka mkononi mwake bila waya. Mwaka 1901 akaanza kujenga mnara wa Wardenclyffe, karibu na New York, kwa dola 150,000 za tajiri J.P. Morgan. Pesa zikaisha, Morgan akagoma kuongeza. Mwaka 1917 mnara ukabomolewa.

Umeme bila waya unafanyaje kazi? AC ikipita kwenye koili, inatengeneza nguvu ya sumaku inayobadilikabadilika. Koili nyingine ikiwa karibu, sumaku hiyo inazalisha umeme ndani yake. Ndivyo simu inavyochaji ikilazwa juu ya chaja isiyo na waya.

Shida ni umbali. Inua simu kidogo tu, chaji inakata. Ni kama mtu anayepiga kelele pale Shimo la Mungu, Newala: sauti inatawanyika bondeni kabla ya kufika Mto Ruvuma.

Newala ipo juu ya uwanda, na maji yake yanapandishwa kwa pampu kutoka mabondeni. Umeme ukikatika, pampu zinasimama na ndoo zinapanga foleni. Hapo ndipo Tesla anapogusa maisha ya watu, kwa sababu mota za AC zinazoendesha pampu za aina hiyo zinatokana na kazi yake ya 1888.

Tesla alifariki Januari 7, 1943, akiwa na miaka 86, peke yake katika chumba cha hoteli New York. Mnara wake haukuwahi kumfikishia mteja hata mmoja umeme. Mota yake bado iko kazini.