Francis Bellamy na kiapo cha bendera

Francis Bellamy alizaliwa mwaka 1855 katika jimbo la New York, Marekani. Alikuwa mchungaji wa Kibaptisti mwenye mawazo ya kijamaa. Mahubiri yake yaliwaudhi wafadhili wa kanisa lake huko Boston, akaliacha mwaka 1891. Gazeti la The Youth's Companion, ambalo pia liliuzia shule bendera, likampa kazi. Hapo ndipo mwaka 1892 alipotunga kiapo ambacho wanafunzi wangekisema mbele ya bendera: maneno 22 tu ya Kiingereza. Aliwaza kutia yale matatu ya Mapinduzi ya Ufaransa, tunayoyajua sote: uhuru, usawa, udugu. Akachukua uhuru, akauongezea haki. Usawa ukabaki nje, na kwangu pengo hilo lasema mengi kuliko kiapo chenyewe.

Bellamy aliandika bendera yangu. Mwaka 1923 kimilikishi hicho kiliondolewa, kwa hofu kwamba mtoto wa mhamiaji angewaza bendera ya kwao, mtungaji hakuridhika. Alifariki mwaka 1931. Mkono ulionyoshwa kuelekea bendera ulifanana mno na saluti ya Wanazi, ukahamishiwa kifuani mwaka 1942. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mwanafunzi asilazimishwe kula kiapo hicho. Mwaka 1954 Bunge likamtia Mungu ndani yake. Leo maneno ni 31.