Benedicto Kiwanuka: alishindwa kwenye hesabu ya viti, hakuuza msimamo

Uchaguzi ukiisha na hakuna chama kilichopata zaidi ya nusu ya viti, kazi huhama kutoka kwenye masanduku ya kura na kuingia kwenye vyumba vya mazungumzo. Huko ndiko huamuliwa nani ataongoza, nani atamuunga mkono, na atalipwa nini kwa kufanya hivyo. Mwananchi aliyepanga foleni tangu alfajiri hayumo chumbani.

Huku Tanzania Bara hatujawahi kuliona jambo hilo kwenye Bunge. Zanzibar walilionja Januari 1961. ASP ilipata viti 10, ZNP viti 9 na ZPPP viti 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11, na uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo. Mwaka uliofuata zamu ikawa ya jirani zetu wa ng'ambo ya mto Kagera. Leo tunasimulia maisha ya mtu ambaye matokeo hayo yalimtoa kwenye uwaziri mkuu: Benedicto Kiwanuka.

Mtoto wa Buddu

Benedicto Kagimu Mugumba Kiwanuka alizaliwa Mei 1922 katika eneo la Buddu, upande wa Masaka. Ni nchi ya migomba na kahawa kama yetu, na msafiri anayevukia Mutukula kwenda Kampala huipita. Alikuwa Muganda na Mkatoliki, na mambo hayo mawili yalikuja kuwa na uzito katika siasa zake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na jeshi la Waingereza kama vijana wengi wa Afrika Mashariki. Aliporudi alifanya kazi mahakamani kama karani na mkalimani. Akiwa hapo aliona jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kushinda au kushindwa kesi kwa sababu ya sheria asiyoijua. Akaamua kuisoma sheria yenyewe. Alianzia chuo cha Roma huko Basutoland, ambayo leo ni Lesotho, kisha akaenda London. Mwaka 1956 akawa wakili na akarejea nyumbani.

Mwaka 1958 alichaguliwa kuongoza Democratic Party, yaani DP. Kaulimbiu ya chama hicho ilikuwa ukweli na haki. Wapinzani wake walikiita chama cha Wakatoliki. Kiwanuka alitaka kiwe chama cha Waganda wote, wa kaskazini na kusini, na alitaka nchi iende kwenye uhuru ikiwa moja.

Ushindi wenye kasoro

Ili tuelewe kilichomkuta, tuiangalie Buganda kwanza. Ulikuwa ufalme mkubwa na tajiri kuliko maeneo mengine ya Uganda, ukiwa na Kabaka wake, mawaziri wake na baraza lake liitwalo Lukiiko, makao yake Mengo. Viongozi wa Mengo waliogopa kwamba uhuru ukija, Kabaka atakuwa chini ya waziri mkuu aliyechaguliwa na watu wa kawaida. Kwa hiyo uchaguzi wa Machi 1961 ulipofika, waliwaambia watu wao wasusie.

Wengi walisusia. DP haikukubali kususia, na kwa kura chache mno ikachukua karibu viti vyote vya Buganda. Nchi nzima DP ikapata viti zaidi ya 40, na UPC ya Milton Obote ikapata 35, ingawa kwa jumla ya kura UPC ndiyo iliyoongoza. Kiwanuka akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda.

Tuseme wazi: ushindi huo ulikuwa halali, lakini mguu wake mmoja ulisimama kwenye mchanga. Mengo hawakumsamehe. Kwao, Muganda wa kawaida alikuwa amekaa juu ya Kabaka.

Mapatano ya London

Septemba na Oktoba 1961, viongozi wa Uganda walikutana London na Waingereza kujadili katiba ya uhuru. Kulikuwa na swali moja gumu. Wabunge 21 wa Buganda wachaguliwe na wananchi wenyewe kama sehemu nyingine za nchi, au wateuliwe na Lukiiko?

Kiwanuka alishika jibu la kwanza. Mkulima wa Masaka, alivyoona yeye, alistahili kura sawa na ya mkulima wa Lango au Ankole. Angekubali jibu la pili, huenda angepunguza hasira za Mengo na kujitafutia nafasi ya kuzungumza nao. Hakukubali. DP ilifika hatua ya kutoka nje ya mkutano kwa kupinga.

Obote alipiga hesabu nyingine. Chama chake hakikuwa na nguvu Buganda, kwa hiyo hakuwa na cha kupoteza huko. Aliunga mkono madai ya Mengo. Kwa upande wao, watu wa Mengo walikuwa wameanzisha chama chao, Kabaka Yekka, maana yake Kabaka peke yake. UPC na Kabaka Yekka wakakubaliana: UPC haitasimamisha wagombea Buganda, na Kabaka Yekka itaisaidia UPC kuunda serikali. Waingereza nao, waliotaka kuondoka bila vurugu, wakakubali Lukiiko ipewe uamuzi.

Februari 1962 Buganda ilichagua Lukiiko. Kabaka Yekka ikapata viti 65 kati ya 68 vilivyogombewa. Kuanzia hapo wabunge 21 wa Buganda walishajulikana wataegemea wapi.

Hesabu ya Aprili 1962

Uchaguzi wa Bunge ulifanyika Aprili 1962. UPC ikapata viti 37, DP 24, na Kabaka Yekka ikawa na vile 21 vya Lukiiko. Jumla ni 82, tukiacha wachache walioongezwa baadaye na Bunge lenyewe. Ili uongoze ulihitaji viti 42. Hakuna aliyefika.

Ukijumlisha UPC na Kabaka Yekka unapata 58. Ukijumlisha DP na Kabaka Yekka unapata 45, na hiyo nayo ingetosha. Kwa maneno mengine, chama kidogo kuliko vyote ndicho kilichoshika mizani. Lakini bei yake ilikuwa imeshatajwa London, Obote alikuwa ameshailipa, na Kiwanuka alikuwa ameikataa hadharani.

Mwishoni mwa Aprili Obote akawa Waziri Mkuu. Kiwanuka alikuwa ameshika cheo hicho kwa muda wa miezi miwili tu. Hata kiti cha Bunge hakuwa nacho, kwa sababu viti vya kwao viligawiwa na Lukiiko. Tarehe 9 Oktoba 1962 Uganda ilipopata uhuru, aliyepokea madaraka alikuwa mwingine.

Wapo waliomlaumu, na lawama yao tusiipuuze. Walisema alikuwa mgumu mno, kwamba mwanasiasa hodari hujua kuinama kidogo ili apite. Walisema pia kwamba mapatano ya Obote na Mengo yaliizuia Buganda isijitenge na kuiwezesha nchi kupata uhuru kwa amani. Ni kweli kwamba siku ile damu haikumwagika.

Mapatano yaliishia wapi

Ubia wa UPC na Kabaka Yekka ulijengwa juu ya jambo ambalo kila upande ulilielewa kivyake. Mengo waliamini wamepata mlinzi wa ufalme. Obote alikuwa amepata daraja la kuvukia. Mwaka 1963 Kabaka Mutesa akafanywa Rais asiye na madaraka makubwa. Mwaka 1964 wabunge wa upinzani walipoanza kuhamia UPC, Obote hakuhitaji tena mbia, na ubia ukavunjika. Novemba mwaka huo ikapigwa kura ya maoni kuhusu maeneo ya Buyaga na Bugangaizi, na wakazi wakachagua kurudi Bunyoro. Buganda ikaona imesalitiwa.

Mei 1966 jeshi la serikali likashambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Kabaka akatoroka, na mwaka 1969 akafa London akiwa uhamishoni. Falme zikafutwa. Bei iliyokubaliwa mezani mwaka 1961 ililipwa na watu ambao hawakuwapo mezani.

Kiwanuka alibaki wakili na kiongozi wa chama kilichopungukiwa wabunge. Baadhi ya wenzake walihamia upande wenye vyeo. Yeye hakuhama. Mwaka 1969 akawekwa kizuizini na serikali ya Obote, na vyama vya upinzani vikapigwa marufuku.

Jaji Mkuu chini ya Amin

Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote na kuwafungua wafungwa wa siasa, Kiwanuka akiwamo. Miezi michache baadaye akamteua kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika nafasi hiyo. Hapa pia wapo wanaouliza kwa nini alikubali kazi kutoka kwa mwanajeshi aliyechukua nchi kwa bunduki. Waganda wengi wakati huo walimshangilia Amin, na Kiwanuka naye alitumaini kwamba mahakama ingeweza kufanya kazi yake. Katika tumaini hilo alikosea.

Lakini ndani ya kosa hilo alifanya kilekile alichofanya London. Septemba 1972 ilifika mbele yake kesi ya raia wa Uingereza aliyekuwa akishikiliwa na wanajeshi. Kiwanuka akaamuru aachiwe, kwa kuwa alishikiliwa kinyume cha sheria. Ulikuwa wakati wa hatari. Tarehe 17 mwezi huo wafuasi wa Obote walikuwa wamevuka mpaka kutoka upande wetu wa Kagera kujaribu kumwondoa Amin, na ndege za Amin zikajibu kwa kushambulia Bukoba kwa mabomu. Wazee wetu wanazikumbuka siku hizo.

Tarehe 21 Septemba 1972 watu wa Amin waliingia Mahakama Kuu mjini Kampala na kumchukua Jaji Mkuu ofisini kwake. Hakurudi. Aliuawa, na mwili wake haukukabidhiwa kwa familia mpaka leo. Alikuwa na miaka 50. Miaka sita baadaye jeshi la Amin huyohuyo likavamia Kagera.

Kwa nini tunamkumbuka

Siku hizi kila Septemba Mahakama ya Uganda huandaa mhadhara wa kumkumbuka. Tunamsimulia hapa kwa sababu nyingine pia. Vyama vinaweza kushirikiana bila dhambi yoyote, na Kiwanuka hakukataa kila mapatano. Alichokataa ni kulipa kwa kura ya mwananchi, kitu ambacho hakikuwa chake kukitoa.

Basi ukisikia redioni kwamba vyama vimekubaliana kuunda serikali pamoja, popote pale Afrika Mashariki, jiulize mambo matatu. Wameahidiana nini, na je, tumeambiwa? Kila upande unaielewa ahadi hiyo kwa namna moja? Na atakayelipa ni nani, wao au mtu ambaye hakuitwa chumbani? Mwaka 1962 maswali hayo hayakujibiwa mapema, na Waganda walipata majibu yake mwaka 1966.