Tharia Topan na Hospitali ya Maskini
Wapitao bandarini Unguja huliona jumba la roshani za mbao zilizotiwa nakshi. Mwenye kulianza ni marehemu Tharia Topan, aliyetoka Kutch, Bara Hindi, akiwa mtoto, akatajirika hadi akasimamia forodha ya Sultani. Mwaka 1887 aliweka jiwe la msingi la hospitali ya maskini. Mauti yalimfika Bombay mwaka 1891, kazi haijakwisha. Mjane wake aliiendeleza, lakini fedha zilipungua, jumba likauzwa. Chini pakafunguliwa zahanati ya sadaka. Ghorofa za juu zikawa makazi. Kujenga hospitali ni rahisi kuliko kuiendesha. Dawa na mshahara wa daktari hudaiwa kila mwezi, na mfuko wa mtu mmoja hufungwa siku ya kufa kwake. Ndiyo maana wazee wetu waliweka wakfu.